Je, Ureno Ingeweza Kuimeza Hispania?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kuwa Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1593, Ureno ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Je, kuna wakati ambapo mambo yangeweza kuwa kinyume chake, yaani Ureno, iliyo ndogo, ikaitwaa Hispania? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, wakati huo ulikuwapo, na ulikatishwa na kifo cha mtoto mmoja. Aliitwa Miguel, akazaliwa Zaragoza Agosti 1498, miezi michache baada ya merikebu za Vasco da Gama kupita Mombasa na Malindi. Baba yake alikuwa Manuel wa Kwanza, mfalme wa Ureno. Mama yake, aliyefariki kwa uzazi huo, alikuwa binti mkubwa wa Isabel wa Castilla na Fernando wa Aragón (falme mbili zilizounda Hispania), ambao mwana wao wa pekee wa kiume alikuwa amekufa mwaka 1497. Kwa hiyo mtoto huyo aliapiwa kuwa mrithi wa Aragón, wa Castilla na wa Ureno. Alifariki Granada Julai 1500, kabla hajatimiza miaka miwili, na urithi wa Castilla na Aragón ukamwangukia mama yake mdogo, Juana, mzazi wa Carlos aliyekuja kuwa mfalme wa Hispania.

Njia ya vita ilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1475 Afonso wa Tano wa Ureno aliingia Castilla na jeshi akidai taji kwa haki ya mpwa wake, lakini mapigano ya Toro ya mwaka 1476 hayakumpa alichokitaka, na mkataba wa Alcáçovas wa 1479 ukayafuta madai yake.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaodhani kwamba Miguel angeigeuza rasi nzima ya Iberia, yaani Hispania na Ureno pamoja, kuwa Ureno. Castilla ilikuwa na watu mara kadhaa kuliko Ureno, na mfalme huvutwa kukaa penye kodi nyingi na wakuu wengi wa kuwaridhisha. James wa Sita wa Scotland, aliporithi taji la Uingereza mwaka 1603, alihamia London, na katika miaka 22 iliyosalia ya uhai wake alirudi kwao mara moja tu, mwaka 1617. Wareno nao waliiona hatari hiyo mapema: mwaka 1499, walipokuwa wakimwapia Miguel, walipata kwa Manuel ahadi ya maandishi kwamba vyeo vya utawala na sheria nchini mwao vingebaki mikononi mwa Wareno. Anayekaribia kummeza mwenzake haombi kinga ya namna hiyo.

Badiliko kubwa, kwa maoni yangu, lingekuwa nje ya rasi. Mpaka wa baharini uliowekwa kati ya Ureno na Castilla kwa mkataba wa Tordesillas mwaka 1494 ungekosa maana, kwa kuwa pande zote mbili zingekuwa za mfalme mmoja. Tena Carlos, kwa upande wa baba yake, aliiunganisha Hispania na Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo) na kuitia katika vita vya Ujerumani, vilivyomeza fedha na askari wake kwa miaka mingi. Miguel hakuwa na urithi huo, na nguvu hizo zingeweza kuelekezwa Afrika ya Kaskazini na katika Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwamo.