Linki za majarida zinafunguka ofisini, wanafunzi nyumbani wanaitishwa dola

Swali: Mimi ni mhadhiri Kakamega, nafundisha walimu wanaokuja kampasi likizo tu, wakati mwingine wote tunakutana kwa Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni. Nimewawekea makala 14. Nikifungua ofisini zote zinafunguka, lakini wao wakiwa kwao Busia na Mumias wananiandikia kwa grupu ya WhatsApp ati wanaitishwa dola. Sasa nimeanza kupakua PDF na kuziweka mwenyewe. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwalimu, hiyo shida naiona karibu kila muhula hapa Kisumu, kazi yangu ni hizi rasilimali za kielektroniki za maktaba. Kinachokuchanganya ni ofisi yako. Ukiwa kampasi, kompyuta yako inaenda kwa intaneti na anwani ya IP ya chuo, yaani namba inayoonyesha unatoka mtandao gani, na mchapishaji wa jarida tayari ameziandika hizo anwani kwake, kwa hivyo anakufungulia bila kukuuliza jina wala paswadi na wewe unadhani makala ni ya bure, kumbe maktaba imelipia, na vyuo vingi Kenya vinalipia kwa pamoja kupitia KLISC, ule muungano wa maktaba. Mwanafunzi akiwa Mumias na bando yake ya simu, anwani yake ni ya kampuni ya simu. Mchapishaji hamjui, anamwona mpita njia tu, basi anamwitisha pesa.

Dawa yake ni proksi. Ni seva ya maktaba inayokaa katikati: mwanafunzi anafika hapo kwanza, anaweka namba yake ya usajili na paswadi, halafu hiyo seva inamwendea kuchukua makala ikitumia anwani ya chuo. Iliyozoeleka sana ni EZproxy, ingawa vyuo vingine hapa nchini wanatumia RemoteXs au MyLOFT, kwa hivyo kabla ya kitu kingine uliza maktaba yenu wanatumia gani. Kama ni EZproxy utapewa kipande cha kuweka mbele ya kila linki, kinakaa hivi (huu ni mfano tu, chukua cha chuo chenu):

https://ezproxy.chuo.ac.ke/login?url=

Baada ya hiyo alama ya sawasawa unabandika anwani ya makala, bila nafasi hata moja. Hapo kwa nafasi ndio watu wengi wanaanguka, na haionekani kwa macho.

Lakini hata anwani yenyewe ina mambo. Usikopi ile iliyo juu kwa brauza baada ya kutafuta, ju mara nyingi hiyo ni ya kikao chako peke yako, kesho imekufa. Kwa hifadhidata ya majarida kama EBSCO tafuta palipoandikwa Permalink, kwa JSTOR ni Stable URL, kwingine chukua DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, ile inayoanza na https://doi.org/10. Hiyo DOI haibadiliki hata mchapishaji akihamisha tovuti yake yote. Ukibonyeza ukaona proksi inalalamika kwamba hiyo anwani haijaruhusiwa, wewe hujaharibu kitu, jina la hiyo tovuti halijaongezwa kwa faili ya mipangilio ya seva. Tuma hiyo linki maktaba, ni kazi ya dakika chache.

Ndani ya Moodle weka kama URL, na pale kwa mwonekano chagua ifunguke kwa dirisha jipya. Usiipachike ndani ya ukurasa wa kozi. Wachapishaji wengi wanakataa tovuti yao kuonyeshwa ndani ya tovuti ya mtu mwingine, mwanafunzi anaona ukurasa mweupe tu. Nilikaa na mwanafunzi mmoja hapa kwa dawati, simu ndogo kioo kimepasuka kona, amengoja huo ukurasa mweupe ufunguke mpaka bando ikaisha, akadhani ni simu yake mbovu. Simu ilikuwa sawa kabisa. Iliniuma sana, ju hiyo bando alinunua na pesa yake.

Sasa hizo PDF. Naelewa kwa nini umezipakia, ulikuwa unawasaidia watu wako. Shida ni mbili. Mikataba mingi ya maktaba na wachapishaji inaruhusu linki bila maneno lakini kupakia nakala kwa seva yenu inategemea mkataba na mkataba, uliza kwanza. Ya pili inanihusu mimi moja kwa moja: wanafunzi 120 wakisoma nakala yako ndani ya Moodle, mchapishaji anahesabu msomaji mmoja, yaani wewe uliyepakua. Mwaka ukiisha tunakaa chini na bajeti, tunaangalia jarida gani linasomwa, na lile la somo lako linaonekana kama hakuna mtu analihitaji. Nimeona majarida mazuri yakikatwa hivyo. Zile ambazo ni za wazi, kwa mfano zilizo kwa DOAJ, ile orodha ya majarida ya bure, ama kwa hazina ya machapisho ya chuo, hizo hazihitaji proksi, linki ya kawaida inatosha.

Vitabu vya kielektroniki navyo angalia sana. Kuna vingine maktaba imenunua leseni ya mtu mmoja au watatu kwa wakati mmoja. Ukiwapa darasa zima sura ya 4 usiku wa kuamkia CAT (mtihani wa katikati ya muhula), wa nne anafungiwa nje. Tuambie mapema tujue kama tunaweza kupata leseni pana, ama tukutafutie makala inayofunza kitu hicho hicho.

Ukimaliza kuziweka, zima Wi-Fi ya kampasi, shika simu yako na data yako mwenyewe, ingia Moodle na akaunti ya mwanafunzi wa majaribio na ubonyeze zote 14 moja moja. Ofisini usijaribu, utadanganywa tena. Na umwombe msimamizi wa Moodle amweke mkutubi wa kitivo chenu ndani ya kozi kama mwalimu asiyehariri, ili akague linki kabla likizo ya Agosti haijafika na watu wako hawajaanza kuandika kwa grupu.