Kwa mnaoanza kazi ya vitabu: someni maisha ya Margaret Busby

Vijana wanaoingia kwenye uhariri na uchapishaji huwa wanauliza maswali yaleyale, nisome kozi gani, mtaji kiasi gani, nitafute mfadhili au nianze hivihivi. Mimi siku hizi nawaambia kafuatilieni kwanza maisha ya mama mmoja wa London anaitwa Margaret Busby, ni mchapishaji na mhariri wa antholojia, yaani vitabu vinavyokusanya kazi za waandishi wengi, halafu mkimaliza ndo mje tuongee. Maana karibu kila kitu ambacho hii kazi itakudai yeye kilishamdai.

Historia yake kwa haraka: kazaliwa Accra mwaka 1944, Ghana bado ni koloni inaitwa Gold Coast. Baba yake daktari kutoka Barbados, babu yake mzaa mama wakili kutoka Dominica ambaye alikuwepo kwenye ule mkutano wa kwanza wa Umajumui wa Afrika London mwaka 1900. Akapelekwa shule ya bweni Uingereza, akasoma fasihi ya Kiingereza University of London, akamaliza akiwa na miaka 20. Akiwa bado mwanafunzi akakutana na kijana mwenzie Clive Allison kwenye pati, wakapiga stori za mashairi, wakakubaliana wafungue kampuni. Mwaka 1967 Allison & Busby ikaanza kutoa vitabu, na dada wa watu akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mchapishaji Uingereza, tena mdogo kwa umri kuliko wenzie wote.

Sasa hapa kwenye kuanza ndo nataka mtulie kidogo maana watu huwa wanachukua nusu ya stori. Hela hawakuwa nayo. Wote wawili waliajiriwa kwenye makampuni mengine ya vitabu, mchana wako kazini kwa watu, jioni na wikiendi wanafanya ya kwao. Yaani mshahara haukuachwa, na ule muda wa kazini nao ulikuwa shule, unaona mkataba unavyoandikwa, unaona prufu, ile nakala ya kukagua makosa kabla ya kuchapa, inavyosomwa, unajua nani anapigiwa simu kava likichelewa. Ukiwa na ajira ndogo sehemu yoyote inayogusa vitabu, hata kama ni stoo, kaa hapo kwanza uibe ujuzi.

Vitabu vyao vya mwanzo vilikuwa diwani tatu za mashairi, jalada laini, bei shilingi tano za Kiingereza za enzi hizo ili hata mwanafunzi amudu. Wazo zuri sana. Tatizo wakachapa kopi 15,000 kwa jumla na hawana msambazaji hata mmoja, wakawa wanasimamisha watu barabarani wawauzie. Leo inachekesha na inasimuliwa kama ushujaa, ila mimi nikiisikia nawaza ile mizigo imekaa chumbani. Usichape kabla hujajua kopi zinaenda wapi, orodhesha maduka, shule, vyuo, vikundi vya wasomaji, matamasha, halafu andika kila mmoja atachukua ngapi kwa kweli sio kwa matumaini. Siku hizi unaweza kuchapa kidogo ukaongeza, wao hawakuwa na hiyo bahati. Na bei ipige ukijua mwenye duka atataka punguzo lake na mara nyingi atakulipa baadae sana, wengine mpaka ukafuate mwenyewe.

Kitabu kilichowatoa kilikuja na mtu aliyekataliwa kila mahali. Sam Greenlee, Mmarekani mweusi, kaandika riwaya The Spook Who Sat by the Door, inahusu mtu mweusi anayeajiriwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kama pambo, anajifunza mbinu zote, anaacha kazi anarudi Chicago kufundisha vijana wa mtaani mapambano ya msituni. Fikiria wachapishaji wa miaka ya 60 wakiletewa huo mswada. Busby na mwenzie wakauchukua, wakauhariri, wakautoa Machi 1969, na hawakuishia hapo, wakatuma kwa magazeti kuomba watoe sehemu yake, The Observer likakubali. Riwaya ikatafsiriwa lugha nyingi, mwaka 1973 ikawa filamu.

Ukinielewa hapo umeelewa kazi yenyewe. Wengi mnadhani mhariri ni mtu wa kurekebisha nukta na mkato, ile ni sehemu ndogo na unaweza kumlipa mtu akufanyie. Kazi ni kuchagua, halafu kubaki na kitabu mpaka kimfikie msomaji, ikiwemo kuandika barua kwa gazeti ambalo halikujui. Na mswada kukataliwa na wengi sio dalili kwamba ni mzuri eti, mingi inakataliwa kwa sababu ni mibovu kweli, lakini usome wewe mwenyewe, usikubali kukataa kwa mwenzio ndo kuwe jibu lako.

Angalia na orodha yao ilivyokuwa pana. Buchi Emecheta wa Nigeria yumo, Nuruddin Farah wa Somalia yumo, Roy Heath wa Guyana yumo na alichukua tuzo ya riwaya ya Guardian mwaka 1978. Halafu humohumo unakuta Jill Murphy na kitabu chake cha watoto cha shule ya wachawi, kimetoka 1974, wachapishaji wengine walikikataa eti kitawatisha watoto, kikaja kuuza sana mno. Kwa hiyo Busby hakujifungia kwenye vitabu vya watu weusi pekee kama wengi wanavyodhani, alikuwa anachapa alichokiamini.

Jambo jingine ambalo huku kwetu hatulifanyi kabisa ni kufufua. Kitabu cha C. L. R. James, mwandishi wa Trinidad, kuhusu mapinduzi ya Haiti kilitoka mwaka 1938, wao wakakirudisha sokoni Uingereza mwaka 1980. Hebu pitieni maktaba muone riwaya na tamthilia za Kiswahili za miaka ya 70 na 80 ambazo huwezi kununua popote, mtu anasoma fotokopi ya fotokopi. Kijana ambaye hana mwandishi mpya mwenye jina anaweza kuanzia hapo, tafuta mwenye haki, mara nyingi ni familia, kaa nao mezani, andikianeni mkataba wa mrabaha, yaani fungu la mauzo linalomwendea mwenye haki. Kuchapa bila kuwaona eti kwa sababu mwandishi kashafariki ni wizi, haina jina lingine.

Hela ilikuwa shida miaka yote hiyo, tusidanganyane. Baada ya miaka ishirini, mwaka 1987, kampuni ikauzwa kwa wachapishaji wakubwa zaidi, Busby akaenda kuongoza uhariri Earthscan, kampuni nyingine ya vitabu, halafu akawa mhariri wa kujitegemea. Jina la Allison & Busby lipo mpaka leo chini ya wamiliki wengine. Katikati ya hayo, miaka ya 80, yeye na wenzie walianzisha kikundi cha GAP (Greater Access to Publishing) cha kudai watu weusi waajiriwe ndani ya makampuni ya vitabu, wakae kwenye meza ya kuamua nini kichapwe, badala ya kubaki wateja na waandishi tu. Heshima zikaja baadae sana, mwaka 2020 aliongoza majaji wa tuzo ya Booker, kusoma riwaya 162 ana miaka sabini na kitu! Nyie mnaniambia mswada mmoja umewachosha.

Haya, antholojia. Hapa ndo kila mtu anataka kuanzia siku hizi maana inaonekana rahisi, unakusanya kazi za watu unaweka kava. Mwaka 1992 Busby alitoa Daughters of Africa, wanawake zaidi ya 200 wenye asili ya Afrika, kurasa zaidi ya elfu moja, kuanzia maandishi ya Misri ya kale mpaka waandishi wa wakati huo, wengine wametafsiriwa kutoka lugha mbalimbali. Hakuna intaneti. Ni barua, faksi na simu. Kila jina hapo lina ruhusa yake, ya mwandishi, au mchapishaji wake, au warithi, na kama imetafsiriwa basi na mtafsiri naye ana haki yake, huyu ndo watu wanamsahau kila mara. Fungua jedwali siku ya kwanza, jina, kazi, nani anamiliki, umemwandikia lini, kajibu nini, anataka kiasi gani, jina lake anataka liandikweje. Ruhusa ya mdomo haihesabiki, hata kama ni rafiki yako.

Mpangilio nao ujifunze kwake. Aliwapanga kwa mwaka wa kuzaliwa. Ni akili sana, msomaji anaona jinsi maandishi yanavyosogea kizazi hadi kizazi, na pia hakuna mwandishi wa kununa kwanini yule kawekwa mwanzo. Aliyewahi kupanga majina ya waandishi walio hai anajua nazungumzia nini.

Mwaka 2019 akatoa New Daughters of Africa, wengine zaidi ya 200, na safari hii waandishi waliombwa waachie malipo yao ya kawaida ili ipatikane skolashipu ya kumsomesha mwanamke kutoka Afrika pale chuo cha SOAS, London. Wa kwanza kuipata ni Idza Luhumyo, Mkenya, ambaye mwaka 2022 alishinda tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika. Sasa naomba msije mkatumia mfano huu vibaya. Hao waliachia wakijua hela inaenda wapi na nani atanufaika. Sio sawa na yule anayekwambia andika bure utajulikana halafu kitabu kinauzwa na hujui hesabu yake. Kama huna hela ya kuwalipa waandishi sema mapema, kwa maandishi, sema na kopi ngapi utawapa na mauzo yatagawanywaje, atakayekataa mwache aende kwa amani.

Kwa hiyo ukiniletea wazo la antholojia nitakuuliza lile jedwali la ruhusa na bajeti ya waandishi, mambo ya kava tutaongea baadae.