Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mabonde ya Usambara Yametoka Meusi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipanda milima ya Usambara kutoka Mombo kwenda Lushoto nikiwa na kamera ya filamu niliyorithi kwa marehemu baba, ndani yake mkanda wa rangi wa ISO 200 (namba ya wepesi wa mkanda kupokea mwanga). Nilifuata kipimo cha mwanga cha kamera, lakini picha ziliposafishwa, anga lilikuwa zuri ilhali mabonde na barabara vilikuwa vyeusi, vimejaa chengachenga. Je, studio imekosea? (Msomaji, Korogwe)

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako siilaumu studio. Kipimo cha kamera nyingi za zamani huchukua wastani wa mwanga wote ulio ndani ya picha, na katika barabara ile inayopita ubavuni mwa mlima, anga jeupe likijaza nusu ya picha, kamera hudhani kwamba mwanga ni mwingi kila mahali, ikapunguza unaoingia. Sehemu ya kivuli isiyopata mwanga wa kutosha haiachi alama kwenye negativu, yaani mkanda uliosafishwa ambao picha huchapwa kutokana nao, na hakuna fundi awezaye kurudisha kisichoandikwa. Lakini mwanga ukizidi kwa hatua moja (kila hatua huongeza mwanga mara mbili), hata mbili, mkanda wa rangi huvumilia. Kwa hiyo inamisha kamera mpaka anga litoke kabisa, pima ardhi yenyewe, shikilia kipimo hicho, ndipo uinue kamera na kupanga picha. Mimi huiwekea pia kamera ISO 100 kwa mkanda wa 200, ili iingize mwanga zaidi kwa hatua moja, na sijawahi kujuta. Kwa filamu ya slaidi, ile ambayo mkanda wenyewe ndio picha, mambo hugeuka: pima palipo na mwanga mkali, kwani slaidi iliyoungua haina tiba.

Ukungu wa asubuhi nao kamera huufanya kijivu. Pima, kisha ongeza hatua moja.

Irente, ule ukingo wa mlima karibu na Lushoto, nenda asubuhi, jua likiwa nyuma yako, maana ukingo ule unatazama tambarare za Mazinde upande wa magharibi, na jioni utakuwa unapigana na jua na vumbi. Na barabarani, ukishapata kona unayoiona kutoka juu, usipige ikiwa tupu. Subiri, hata nusu saa, mpaka lori la mboga literemke kutoka Lushoto, kwa sababu bila kitu ambacho jicho linakijua kimo chake, mlima ule mkubwa huonekana kama kichuguu.