Santuri za Okestra: Kuvu, Sindano na Lango la Kiev

SWALI: Marehemu mjomba ameniachia santuri arobaini hivi za okestra, nyingi za kampuni za Decca na Deutsche Grammophon za miaka ya 1960. Kabati lilikuwa karibu na bahari, zote zimeota kuvu nyeupe. Nizioshe kwa nini? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Pole kwa msiba. Kabla ya kushika maji, soma lebo. Santuri iliyoandikwa 78 (mizunguko kwa dakika) kwa kawaida ni ya shelaki, aina ya utomvu mgumu, na alkoholi huyeyusha shelaki. Zako, kama ni za mizunguko 33⅓, ni za vinaili, aina ya plastiki, na zinastahimili mchanganyiko huu: mililita 400 za maji yaliyokenekwa, mililita 100 za alkoholi ya isopropili na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Maji hayo huuzwa kwa ajili ya betri za gari, lakini soma chupa mara mbili usije ukachukua asidi. Ya kisima usiyatumie: yakikauka huacha chumvi ndani ya mfereji, yaani mstari wa santuri ambamo sindano hupita, na kila chembe italia chini ya sindano.

Anzia nje ya nyumba, umevaa barakoa, uondoe kuvu ya juu kwa brashi kavu laini. Bahasha za karatasi za ndani zitupe, maana kuvu imejificha humo. Kisha funika lebo, lowesha santuri, subiri dakika mbili, usugue taratibu kwa kufuata mzunguko wa mfereji. Ukisugua kukata mifereji, unasukuma uchafu kwenye kuta za mfereji. Suuza mara mbili kwa maji matupu yaliyokenekwa, uisimamishe kwenye kichanja cha vyombo kivulini. Jua la Mombasa litaipinda.

Mifuko mipya iwe ya polithini. Ile laini ya PVC hutoa kemikali zinazoacha utando usiofutika juu ya vinaili. Mchakacho ukibaki baada ya kuosha mara mbili, huenda kuvu imekwisha kula uso wa santuri, na hapo hakuna dawa ya kuurudisha.

SWALI: Nitajuaje kama mlio wa "tak" ni vumbi au mkwaruzo? — Msomaji, Arusha

JIBU: Hesabu. Kwenye 33⅓ mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8. "Tak" inayorudi kila sekunde 1.8 ni mkwaruzo uliokata mifereji kadhaa. Inayokuja ovyo ni vumbi au umemetuli, osha.

SWALI: Nina "Picha za Maonyesho" ya Mussorgsky, okestra ya Chicago ikiongozwa na Rafael Kubelík, ya kampuni ya Mercury, mono (chaneli moja ya sauti) ya 1951. Mwanzo ni mzuri, lakini "Lango Kuu la Kiev" sauti inapasuka. Nataka kuiingiza kwenye kompyuta na kuisafisha. — Msomaji, Birmingham

JIBU: Una hazina mkononi. Okestra nzima ilinaswa kwa maikrofoni moja tu, iliyotundikwa juu ya kiongozi katika Orchestra Hall, ndiyo maana unausikia ukumbi wenyewe.

Lango la Kiev linapasuka kwa sababu ya mahali lilipo: ni kipande cha mwisho cha kazi hii, karibu na lebo. Ukingoni mwa santuri mfereji hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21. Mawimbi yaleyale yanabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na hapo ndipo Ravel, aliyeipangia okestra kazi hii, anapowasha ala za shaba na kengele zote. Ongeza mikono mizito ya gramafoni za zamani, iliyokwangua kuta za mfereji.

Kwa hiyo badilisha sindano kabla ya kufungua programu. Mono za enzi hiyo zilikatwa kwa ajili ya ncha ya maikroni 25; ncha ya stirio, yenye maikroni 18 au pungufu, hukaa chini zaidi. Jaribu zote mbili: mojawapo huenda ikagusa sehemu ya ukuta ambayo haijalika. Ila katriji (kichwa kinachobeba sindano) ya mono isiyocheza juu na chini usiiweke kwenye santuri ya stirio, itaichimba.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96, kilele kisivuke desibeli -6. Kisha jumlisha chaneli mbili kuwa moja. Muziki wa mono umo kwenye mwendo wa sindano wa kushoto na kulia pekee, hivyo kelele za juu na chini zinafutana zenyewe. Hatua hii hupunguza mchakacho bila kugusa noti hata moja.

"Tak" zilizobaki ziondoe moja moja kwa mkono. Nyingi hazizidi milisekunde mbili. Kifuta-tak cha otomatiki kikikazwa huona ncha kali za mawimbi ya tarumbeta kuwa ni mikwaruzo, kikazikata, na tarumbeta zikatoka kama zimezibwa kitambaa. Mngurumo wa gramafoni ukate chini ya hezi 20 tu. Ukipanda hadi 50 unaiba ngoma kubwa ya Lango.

Mvumo wa tepu iliyonasia muziki uache. Mwangwi wa fidla unapofifia ukumbini huwa umefumwa ndani ya mvumo huo, na kichujio hakiwezi kuutoa mmoja kikabakiza mwingine. Faili ghafi, lisiloguswa, lihifadhi pembeni.