Kabati la mtumba rangi inabanduka, nifanyeje?

SWALI: Dada habari za kazi. Nimehamia chumba changu mwenyewe juzijuzi tu, hela yote ikaishia kwenye kodi, nikanunua kabati la mtumba nikalipaka rangi nyeupe ya mafuta. Wiki ya kwanza lilipendeza jamani, kila anayeingia anauliza nimelitoa wapi, sasa hivi ukikwaruza na kucha tu rangi inatoka vipande, halafu kuna madoa ya njano yanatokeza. Nilikosea rangi au? Sina hela ya kuanza upya. – Mpangaji mpya

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Rangi haina kosa, usikimbilie kununua kopo lingine. Hilo kabati limeshikwa na mikono ya watu miaka na miaka, limepigwa vanishi, limefutwa na polishi, sasa rangi yako imekaa juu ya huo utelezi wote haina pa kushika. Mimi stuli yangu ya kwanza niliipaka jioni ileile niliyoinunua, haikumaliza mwezi, na iliniuma kwa sababu ile ndo hela niliyokuwa nayo.

Kwangua yote inayobanduka, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, acha likauke kabisa. Halafu msasa, anza na namba 120 umalizie na 220 (namba ikiwa kubwa msasa unakuwa laini zaidi), uzungushie kwenye kipande cha mbao na usugue kufuata nyuzi za mbao, ukikata nyuzi ile mikwaruzo utaiona hata chini ya rangi. Huna haja ya kufika kwenye mbao tupu, we ondoa mng'ao tu: simama ubavuni mwa kabati dirisha likiwa mbele yako, pakiwaka kama kioo bado hapo, rudia. Futa vumbi na kitambaa chenye unyevu.

Madoa ya njano yanatoka kwenye mbao yenyewe, zipo mbao zina utomvu unaopenya rangi nyeupe hata upake mara tano. Dawa yake ni praima (rangi ya chini inayopakwa kwanza) ya kuzuia madoa, hapo ndo uweke hela yako, rangi iliyobaki kwenye kopo itumie kupaka mikono miwili myembamba juu yake. Ikishakauka usiibebeshe vitu vizito haraka, rangi ya mafuta inakauka juu upesi ila kukomaa ni wiki kadhaa.

Ila angalia kwanza tundu la skrubu ndani ya mlango. Ukiona chengachenga zilizogandishwa ujue ni chipubodi, usilimwagie maji maana likivimba halirudi, lifute tu kwa kitambaa, na msasa uwe wa 220, usugue kidogokidogo. Na kama chini kuna rangi ya zamani sana, inaweza kuwa na madini ya risasi ambayo ni sumu (Marekani waliipiga marufuku rangi hiyo majumbani 1978), usiisugue kavu hata kidogo, iloweshe, vaa barakoa, watoto wasiwe karibu.

SWALI: Viti vyangu vinne vinacheza, nimeongeza misumari bado vinacheza. – Baba watatu

JIBU: Kaka ng'oa hiyo misumari, inapasua mbao. Kipindue kiti, chomoa mguu unaocheza, kwangua gundi ya zamani yote mpaka uone mbao, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu, na hapo ndo wengi wanapofeli. Paka gundi ya mbao, rudisha, funga kamba kuzunguka miguu, pitisha kijiti katikati uisokote mpaka ikaze, uache saa 24 bila kukikalia. Tundu la skrubu likiwa limelegea jaza vijiti vya meno na gundi, ikikauka kata vinavyochomoza, kaza skrubu upya.

SWALI: Nimeona sofa la bei poa, kitambaa tu ndo kimechakaa. Nichukue? – Bibi harusi mtarajiwa

JIBU: Nenda na tochi mdogo wangu. Funua mito, chungulia kwenye mishono na kitambaa cha chini, ukiona vidoto vyeusi kama vya ncha ya kalamu au maganda ya wadudu hao ni kunguni, liache hata wakupe bure. Kama ni safi, kaa kila kona na ulinyanyue upande mmoja, fremu isipolia wala kupinda chukua, kitambaa ni kazi ya stepla na jioni mbili tatu.