Masomo ya kuanzia ambayo lugha ya programu inatakiwa ije nayo

Mimi nafundisha vijana kuprogramu jioni, na wengi hawana bando la kuchezea, kwa hiyo naangalia sana lugha inakuja na masomo gani ukishaiweka kwenye mashine. Perl hapo iko vizuri bwana, unaandika perldoc perlintro kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) unapata somo fupi la mgeni, ukifika kwenye regex (mifumo ya kutafuta maneno ndani ya maandishi) kuna perlrequick, yote bila intaneti (ila kwenye Debian na Ubuntu uongeze kwanza paketi ya perl-doc). Rust nayo, rustup doc --book inakufungulia kitabu kizima. Python sasa, python -m pydoc -b inakupa orodha ya moduli (vipande vya kodi vilivyo tayari kutumika), inamfaa anayejua anachotafuta, mgeni anabaki anaikodolea macho tu. Somo lao rasmi, kutegemea ulivyoiweka Python, huenda ukalishusha pembeni, na wenyewe wanasema limelenga mtu anayejua kuprogramu tayari.

Mimi ningeanza na kusoma makosa. Kwenye somo rasmi la Python yamewekwa sura ya 8 wakati mwanafunzi anakutana nayo dakika ya kwanza. Mfano bei = input("Bei? "), yaani programu inamuuliza bei, anajaza 1500, halafu anajaribu bei + 200, inamjia TypeError (kosa la aina ya data) na mistari yake, anaogopa anafunga laptopu. Mwambie aanze na mstari wa mwisho, ndio wenye habari, halafu apande juu atafute namba ya mstari. Sasa ajaribu bei * 2: hakuna kosa lolote, anapewa 15001500, na hii ndio mbaya zaidi maana programu inaendelea kama kawaida. Hapo ndio unamweleza int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, na kwamba input inarudisha maandishi siku zote, hasahau tena.

La pili ni faili. Mfano wa kawaida wa namba za Fibonacci sawa, lakini huyu mwanafunzi ana mauzo ya duka kwenye CSV (faili la jedwali la maandishi, thamani zimetenganishwa kwa koma) anataka jumla. Somo moja tu, kufungua faili, kuruka mstari wa vichwa vya safu, kugeuza namba, kuandika faili jipya, na humo humo aone FileNotFoundError (kosa la faili kutopatikana) inayokuja kwa sababu yuko folda nyingine.

Klasi (njia ya kupanga data na kazi zake pamoja) zisubiri.

Halafu mifano iwe ya toleo lile lile aliloweka, maana mtandaoni mpaka leo unakuta print "habari" bila mabano, ya Python 2 iliyoachwa kuhudumiwa 2020, mtoto ananakili kila herufi na bado anapata SyntaxError (kosa la uandishi wa kodi).