Kwa nini sina gari Hamburg

Swali lenu kwenye kundi la familia nimelisoma: miaka yote hii Ujerumani, mbona sina gari, nakaa chumba kimoja, na kila picha nimevaa koti lile lile? Shangazi akaongeza kwa upole kwamba kama nina shida nisimfiche. Shikamoo shangazi. Shida sina. Naishi hivi kwa kutaka mwenyewe, na acheni nieleze bila kuzunguka.

Mshahara ulioandikwa kwenye mkataba sio unaoingia benki. Pensheni peke yake inakata 9.3%, bado bima ya afya, bima ya kukosa kazi na kodi ya serikali, nayo kwa asiye na mke wala watoto haina huruma. Kinachobaki kinanitosha. Ila gari lingekila chote. Leseni ya Tanzania hapa inatumika miezi 6 tu tangu uhamie, kisha unafanya mtihani upya, wa darasani na wa barabarani, na gharama yake si ndogo. Hapo hujalipa bima, tairi za majira ya baridi wala maegesho. Tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida nchi nzima ilianza 2023 kwa euro 49, mwaka 2025 ikawa 58. Mwendo mfupi naenda kwa baiskeli.

Lakini hata ningekuwa na hela ya gari, nisingenunua, na hilo nimejifunza kazini. Mnajua nahudumia wazee. Mzee akihamia kwenye makao yetu ya wazee anakuja na kiti chake, kabati dogo na picha za ukutani, kwa sababu chumba hakibebi zaidi. Nyumba aliyoijaza vitu maisha yake yote inafunguliwa, watoto wanachagua vichache, vingine vyote vinabebwa na watu wa kuondoa takataka. Bibi mmoja alikuwa na seti ya sahani za kaure aliyoidunduliza kwa miaka, na hakuna mjukuu aliyeitaka. Kilichomliza ni zile Jumamosi alizoingia kazini ili ailipie, wakati wanawe bado wadogo.

Basi nikaomba kupunguziwa saa za kazi. Sheria hapa inamruhusu mfanyakazi aliyepita miezi 6 kuomba hivyo, mradi mwajiri ana watu zaidi ya 15. Sasa nafanya saa 30 kwa wiki. Mshahara umeshuka, nami nimeshusha matumizi yaufuate. Nguo nanunua zilizovaliwa, ni mitumba ile ile ya Karume, tofauti yake haijapanda meli. Meza na rafu nimeokota nje, watu huziweka kando ya barabara na karatasi inayosema chukua bure. Unga nanunua wa mahindi ya manjano kwa Waturuki, maana sembe kwenye maduka ya Waafrika bei yake inaumiza. Ugali wake ni mzuri, ukiuzoea.

Saa nilizozipata nazitumia. Nalala baada ya zamu ya usiku. Naimba kwaya. Naongea na mama bila kuangalia saa. Baba alipolazwa, nauli ilikuwepo na mwajiri hakunizuia. Nilikaa naye Muhimbili mpaka akaruhusiwa.

Msinielewe vibaya, sisifii umaskini. Hapa stesheni kuu utamwona mtu wa umri wa babu akiingiza mkono kwenye pipa la taka kutafuta chupa, kwa sababu ukiirudisha ya plastiki dukani unapewa senti 25. Yule hakuchagua. Mtu asiyeweza kununua koti na mimi niliyeamua kutonunua la pili hatuishi maisha mamoja, na ningeona aibu kuyaita kwa jina moja. Hata wenzetu wanaofanya kazi mbili sina neno nao. Wengine wanalipa madeni ya safari iliyowaleta.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeomba simu mpya: hapana. Ada ya chuo nitaendelea kulipa kila muhula kama tulivyokubaliana, na dawa za baba ziko palepale. Kiasi hicho nimekipanga, hakipungui na hakiongezeki. Desemba nakuja na begi moja, na nimeomba likizo ya wiki nne ili nikae nyumbani, siyo nizunguke kugawa zawadi. Shangazi, usiniandalie kitanda cha wageni, mkeka unanitosha.